Sauti ya Chini

Kibanda changu kiko chini ya barabara,
kwenye njia ya waendao kwa miguu, karibu na stesheni ya Tbilisi,
kati ya mama muuza soksi na tanuri la mikate.
Basi likipita juu, bilauri yangu ya chai hutetemeka.
Nabadilisha vioo, betri, tundu za chaja.
Huzuni sitengenezi. Sina spea zake.

Tsiala alikuja mwezi wa pili, theluji ikimyeyukia mabegani.
Akamwaga mkoba mezani: simu, kijisanduku cheupe,
hedifoni mbili zisizo na waya, kama maharage yaliyolowekwa.
"Nugzar hayumo," akasema.

Nikadhani ni faili lililofutika.
Kumbe ni mumewe, aliyezikwa wakati wa mavuno ya zabibu.

Kwetu wimbo wa mezani una sauti tatu.
Moja hubeba maneno, moja hurukaruka juu yake,
na ile ya chini, bani, hukaa pale pale
kama sakafu. Nani amewahi kusifu sakafu?
"Nawasikia Otari na Jumberi," akasema,
"wanaimba wamesimama hewani."

Nikaanza na niyajuayo.
Nikagusa nambari ya muundo mara saba, kama mganga,
simu ikanitangaza kuwa msanidi.
Nikaiondoa ile kodeki bahili
inayoukunja wimbo kama nguo za safari ndefu katika begi dogo,
nikaweka iliyo pana.
"Bado."

Nikafungua ekwalaiza, nikapandisha besi,
nikapandisha tena, hata Otari akawa kama mtu ndani ya pipa.
Tsiala akazitoa masikioni.
"Huo ni mngurumo. Mume wangu hakuwa jenereta."

Basi nikachukua mswaki wa mtoto, nikasugua vile vyavu vidogo.
Nta ikatoka. Akaona haya.
Nikamwambia nimeshatoa nta ya mapadri.
Sauti ikang'aa kidogo: nikasikia, alisema, sahani zikigongana,
mtu akimimina divai.
Lakini Nugzar, hapana.

Sasa nilikuwa nimebakiwa na uongo tu,
ule wa mafundi: acha hapa, pita kesho.
Ndipo akageuka kumtazama muuza soksi,
na ile ya kushoto ikachomoka sikioni, ikadunda mezani,
ikasimama kando ya bilauri.

Mpumbavu mimi! Nusu saa naichimba simu,
na tatizo linaning'inia mbele ya macho yangu.
Sauti nyembamba huingia hata mlango ukiwa wazi;
nzito huhitaji chumba kilichofungwa,
ikiona mwanya inaondoka.
Tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hapa ukuta haukuhitajika. Ni kipira cha senti chache.

Nikamwaga kopo langu la vipira.
Sikio la kulia, saizi ya kati. La kushoto, kubwa.
"Masikio si mapacha," nikamwambia, "ni ndugu tu."
Nikamwonyesha kuvuta ndewe, kusukuma, kuzungusha.

Akabonyeza.
Akalaza kiganja juu ya meza yangu
kama anayepima homa ya mbao.
Tanuri likafunguliwa, harufu ya mkate ikatupitia.
Sikusikia chochote, bila shaka. Nilimwona tu akingoja,
halafu akiacha kungoja.

"Kachelewa," akasema, kwa sauti kubwa kama wasemavyo walioziba masikio.
"Nusu pumzi. Miaka arobaini Otari anamgombeza,
na bado anachelewa."
Muuza soksi akageuka kututazama.

Akausikiliza wimbo wote, kisha tena.
Juu likapita basi; chai yangu ikatetemeka,
na yeye akatabasamu kana kwamba ni mimi niliyefanya hivyo.

Nilidai lari mbili. Akalipa tano, akakataa chenji.
Kisha, akiwa ameshafunga kitambaa cha kichwa:
"Na nikizivua?"

Nikamwambia azirudishe kwenye kijisanduku kila usiku,
achaji, afute vipira kwa kitambaa kikavu.
Akaitikia kwa kichwa, taratibu,
kama mtu aliyejibiwa.