Dawati la Madai ya Maji

Saa mbili kasorobo asubuhi, na Riga bado usiku.
Tramu inajikokota juu ya theluji iliyooza,
nasi ndani tumening'inia kama makoti,
kila mtu na simu yake, kila uso samawati.

Naitwa Selga. Miaka ishirini na minne.
Kazi yangu ni kusoma mafuriko ya watu:
bomba lililopasuka ghorofa ya nne,
mashine ya kufulia iliyotapika usiku wa manane,
zulia la marehemu bibi,
piano iliyokunywa maji hata mbao zikafura.
Nasoma, naandika namba, napiga muhuri.
Nasaka neno moja tu katika maelezo yao: ghafla.
Maana mkataba wetu, ukurasa wa saba, wasema wazi:
kilichoharibika polepole hakilipwi.

Jirani yangu wa dawati ni Guntars.
Hukata kucha kila Alhamisi, saa nane, baada ya supu.
Ana dungusi ndani ya kikombe kilichovunjika mkono,
analiita Meneja,
kwa kuwa halifanyi lolote na bado linachoma.
Meneja mwenyewe, Bi Vizma, hupita na orodha ya zamu za kuosha birika.
"Selga, wiki hii ni wewe."
Wiki zote ni mimi.

Ikifika siku ya jina la mtu, keki huletwa.
Tunaimba na vitambulisho vyetu shingoni,
tunakula tumesimama,
tunafuta krimu midomoni kwa bahasha zilizotumika.

Siichukii kazi. Ndivyo ninavyomwambia mama kila Jumapili,
naye hujibu: una kiti, una hita, una bima ya meno,
wataka nini tena, mwanangu?
Sijui, mama.
Labda dirisha linalofunguka.

Jumanne ikaja barua ya mkono kutoka Bolderāja.
Austra, mwokaji mikate, hamsini na kitu.
Dari lake limevuja miaka tisa, aandika,
tone kwa tone, ndani ya ndoo ya kijani.
Mwanzoni tone lilimkosesha usingizi,
baadaye likawa saa yake ya kuamkia akakande unga.
Mwezi uliopita likanyamaza.
Siku ya tatu dari zima likalala juu ya kitanda,
yeye yuko kazini, tanuri limekolea moto.
Hakuandika ghafla.
Maskini ya Mungu, kaandika ukweli.

Nikashika kalamu nyekundu. Ukurasa wa saba.
Mkono ukagoma.

Nikawaza: nami nikileta dai langu, nijaze nini?
Tarehe ya ajali: haipo.
Mali iliyoharibika: hamu ya kuchora ramani za miji isiyokuwepo,
kicheko changu cha zamani, kile cha kukoroma,
Jumatano zote.
Chanzo: tone.
Shahidi: dungusi la Guntars.
Haba na haba hujaza kibaba, haya, nakubali,
lakini kibaba kikishajaa, nani wa kukiinua?

Saa kumi na moja. Giza limerudi kana kwamba lilikwenda chooni tu.
Barua ya Austra imo mkobani mwangu,
kati ya soksi za akiba na maganda ya chungwa.
Wizi, pengine. Au kupitiwa.
Bado sijachagua neno la kuandika.

Tramu ya nyumbani ikaja, nikaiacha.
Ng'ambo ya barabara basi la Bolderāja limesimama,
taa zinawaka, ndani hamna mtu, dereva anamenya yai.
Sikupanda.
Ila nilivuka, nikafuta barafu kwenye kioo cha ratiba kwa kiwiko,
nikaisoma yote, mstari kwa mstari,
kwa makini ambayo Bi Vizma hajawahi kuyaona,
mpaka basi la mwisho, saa sita kasoro dakika nane.