Nafasi Ipo

Harusi ya Nargis ilikwenda saa sita na dakika kumi.
Niliiunga yote faili moja, bila mshono,
kwa kuwa mamake alitaka kuitazama
tangu udi wa kwanza hadi kiatu cha mwisho mlangoni.
Nikachomeka diski mpya, terabaiti nzima,
nikabonyeza Andika, nikaenda kukanda unga.

Niliporudi, kioo kilisema: Hakuna nafasi.

Nikaifungua diski. Gigabaiti mia tisa ishirini na saba
zimekaa, zanitazama.
Kama kubisha hodi nyumba ya vyumba kumi
ukajibiwa kwa ndani: tumejaa.

Nikalaumu waya, nikaazima wa Barakat wa duka la simu.
Nikalaumu stima, iliyokatika mara mbili baada ya magharibi.
Nikalaumu chumvi, maana chumvi ya Lamu haina adabu:
imekula bawaba za kabati langu, imekula spika,
itashindwa na kijibati cha upana wa ukucha?
Nikapangusa tundu kwa spiriti na pindo la leso.
Nikalaumu jicho la jirani.
Hilo sikulipangusa.

Mara ya tano nikachukua kalamu. Imefia wapi?
Nikaandika nyuma ya kadi ya mwaliko:
bilioni nne,
milioni mia mbili tisini na nne,
laki tisa na elfu sitini na saba,
mia mbili tisini na tano.
Mara ya sita, ile ile.
Ya saba, ile ile, hadi hiyo tano ya mwisho.
Waya mbovu hukata popote, stima hukata ipendapo.
Anayekata pale pale kila siku
ana amri mfukoni.

Bi Mwanajabu, nyanyake Nargis, hakungoja.
Alikuja Mkomani kwa miguu kuona hata kipande.
Saa mbili na dakika kumi na nne: anainuka,
anaweka shela sawa, ananyosha mkono,
anafungua kinywa amtungie mjukuu —
kiza.
Akatazama kioo, akanitazama mimi.
"Umenikata."
"Si mimi, bibi. Ni diski."
"Diski yanijua?"

Barakat alicheka, kisha akaeleza.
Daftari la diski hii limechorwa zamani;
safu ya urefu wa faili ina visanduku thelathini na viwili,
kila kimoja sifuri au moja.
Vikishajaa moja vyote, basi,
hata diski iwe pana kama Manda.

Sikuhitaji kuelezwa mara mbili.
Mwaka wa kitambulisho karani alihesabu visanduku vya fomu
akaniacha Mwanakheri Athman Shee Bwanam.
Karatasi ilikuwa nyeupe tele.
Pambizoni ungeandika ukoo mzima.

Tukaifomati upya, kwa mpangilio wenye safu ndefu.
Usiku ule mstari wa kijani ukatambaa, ukapita nne,
ukapita tano, nikasahau hata kupumua.
Asilimia mia! Nikachomoa kwa furaha.
Asubuhi faili haifunguki.

Kumbe kompyuta husema nimeandika
ilhali maneno bado yamo kiganjani,
kama karani akwambiaye faili lako limeshakwenda Mombasa
nawe waliona, limewekewa kikombe cha chai.

Usiku wa tatu niliomba ruhusa ya kuchomoa.
Nikangoja. Taa ndogo ikapepesa, ikapepesa,
ikatulia.
Nikalinganisha hesabu, ya huku na ya kule,
tarakimu kwa tarakimu, kidole juu ya kioo.

Bi Mwanajabu akaja tena, akaketi mbele kabisa.
Akainuka kwenye kioo, akafungua kinywa,
na safari hii maneno yakatoka, beti sita,
Nargis akilia, wanawake wakipiga vigelegele.
Yeye hakupepesa. Alipomaliza kujisikiliza
akanigeukia, akashusha sauti:

"Ubeti wa nne nilikosea.
Hapo, mwanangu, pakate."