Risasi, kwa Maana Zote Mbili

Baba alichimba kwa sururu, huko Ruashi,
akarudi na vumbi la kijani kwenye kope.
Mimi nachimba maandishi:
makala elfu sita, na daftari za zahanati ya Katuba
zilizopigwa picha mojamoja kwa simu ya Mujinga,
kurasa zenye doa la chai, mwandiko wa wauguzi wenye haraka.
Umeme ukikubali, mashine inasoma usiku kucha.
Ukikataa, tunangoja gizani,
mimi nayo, kila mmoja akipoa.

Siku za kwanza ilikuwa na macho ya mgeni,
makubwa, yasiyoona.
Niliiambia itafute "risasi":
ikaniletea askari, ikaniletea matundu ukutani,
maiti wa barabara nisiyoijua.
Nikasema, siyo hiyo. Ile ya kuyeyushwa.
Ile inayoingia mwilini bila mlio.
Niliiambia "mbegu", ikaniletea mahindi.
Hapo nilicheka peke yangu, hadi mtoto wa jirani akaamka.

Polepole imejua. Inapanga jirani na jirani:
kobalti karibu na mimba iliyotoka,
kadimi karibu na mbegu zisizoogelea,
maji ya kisima karibu na "sababu haijulikani".
Naijua hila ya ujirani.
Maneno mawili kulala mstari mmoja
hakulifanyi moja kuwa baba wa la pili.

Lakini jana niliiambia ihesabu "tasa".
Mara mia nne na kumi na mbili,
na kila mara ni mwanamke.
Nikaituma kwa mume. Kazi ya mume?
Mstari mtupu. Mtupu. Mtupu.
Ukurasa mmoja tu, muuguzi fulani, kwa wino mwekundu:
"Anaosha mawe mtoni, pekupeku, miaka tisa."

Dada yangu Numbi ni mstari wa mia mbili na nane.
Mama mkwe humwuliza kila Jumapili
huku akisonga bukari: "Sasa, mutoto iko wapi?"
Na Kabwita ananawa, kimya,
maji ya beseni yakigeuka rangi.

Leo nimekwenda kwao bila mashine, na kalamu tu.
Nikamwuliza shemeji lile swali
lisilo na nafasi kwenye daftari.
Akazitazama kucha zake muda mrefu.
"Andika," akasema. "Nianzie mwaka gani?"