Aliyeingia Bila Hodi

Mwalimu Tsiala alitukataza neno jeshi.
Alilifuta ubaoni kwa kiganja, chaki ikamganda:
"Mwilini hamna baragumu wala bendera.
Kuna kuulizana tu.
Nani wewe? Umetoka wapi?
Nani aliyekufungulia?"

Ilikuwa Februari, Kutaisi, vioo vimeingia ukungu,
na hita ya darasa la tisa ilikohoa kuliko sisi.
Akatugawia sahani zenye rojo ya mwani,
laini, tupu, kama supu iliyoganda.
"Gusisheni humo kitu mnachokiamini."

Nutsa aligusisha msalaba wake wa shingoni.
Tornike, simu.
Mimi niligusisha kidole
nilichokinawa mara tatu, kwa majivuno.

Siku mbili kwenye joto la nyuzi thelathini na saba,
joto la kwapa, joto la kitanda cha mgonjwa.
Msalaba ukaota madoa ya manjano kama siagi.
Simu ikaota msitu.
Na kidole changu, ewe aibu,
kilichora duara kamili la vidoti vyeupe,
vinene, vimeshiba.

"Usiwaonee haya," alisema. "Hao ni wapangaji wako.
Kodi yao ni hii: wamekalia viti vyote.
Mgeni mbaya akija, hana pa kukaa."

Lakini goti langu lilikuwa na kiti wazi.
Nilianguka kwenye barafu karibu na daraja,
ngozi ikafunguka, na mtu akaingia bila hodi.
Usiku goti likadunda kama lina moyo wake,
jekundu, la moto, limejaa.
Nilidhani linaoza.
Kumbe lilikuwa linaita.
Seli nyeupe zilijibana zikapenya kuta za mishipa,
zikifuata harufu
kama sisi tunavyofuata mkate wa jibini kona ya stesheni,
zikameza, zikameza,
zikafa na mdomo umejaa.
Ule usaha nilioufuta kwa kinyaa
ulikuwa ni zenyewe.

Sijui kama kuna namna ya kuomba radhi kwa pamba.

Wiki iliyofuata mwalimu alileta chupa ya maji ya mto Rioni,
ya kahawia, ya chini ya daraja lilelile,
ameyachuja mpaka bakteria hapiti.
Tone moja juu ya sahani iliyojaa ukungu wa vijidudu.
Kesho yake ukungu una matundu,
matundu safi ya mviringo, kama soksi ya kaka yangu.
"Nani kala?"
Virusi, alisema, ila hivi havijui kama wewe upo.
Kila kimoja kinatafuta bakteria wa aina yake tu,
kinatua juu yake kwa miguu myembamba,
kinampenyezea maagizo,
na baada ya nusu saa mwenye nyumba anapasuka,
wanatoka mia, wote wamefanana.
Nutsa akasema, basi virusi ni wema.
"Si wema," mwalimu akamjibu. "Ni wachaguzi."

Siku hiyo kiti cha Tornike kilikuwa tupu.
Surua. Hakuchanjwa; mama yake aliogopa sindano
kuliko alivyoogopa jina lile.
Mwalimu hakumsema.
Alichora mlango ubaoni, na pembeni yake sura ndogo:
"Chanjo ni hii. Unamwonyesha mlango sura
kabla mwenye sura hajafika."
Sisi tuliochanjwa tulijigusa mabega
kama watu waliokumbushwa deni lililolipwa na wengine.

Sahani zote zilichemshwa kwenye sufuria ya presha,
ile ya maharagwe, aliyoitoa kwake.
Nililiangalia duara langu kwa mara ya mwisho.
Kwaherini, nilisema, nikijua wenzao
wamebaki kidoleni wanasikiliza.

Machi, theluji imekuwa matope, mlango ukagongwa.
Tornike, ambaye hakuwahi kugonga mlango maishani,
alisimama nje, amekonda, kofia mkononi.
"Nani wewe?" mwalimu aliuliza. "Umetoka wapi?"
Hakuna aliyecheka.
Alikohoa kwenye kiwiko, akasubiri
mpaka tulipomtambua.