Bahasha za Tarehe Ishirini na Nane

Mimi ndiye nitiaye mishahara katika bahasha,
chumba cha nyuma, kando ya mashine ya kunakilishia,
hapa Korat, shule ya binafsi yenye nyasi za plastiki
na picha ya mwalimu mzungu getini,
futi kumi na mbili kwenda juu.

Mzungu huyo ni Fergal.
Kwao Galway alikuwa akipaka rangi nyumba za watu.
Elfu thelathini na nane.

Marivic Dumalagan, mtu wa Iloilo,
shahada ya ualimu, miaka kumi na mmoja ya chaki:
elfu kumi na saba.
Si bahati. Ni baht tu.

"Wazazi wananunua sura," Bi Wipawan aliniambia,
akitia saini bila kuinua kichwa.
"Sarufi ni nyongeza."

Nazihesabu mwenyewe. Noti hazina aibu;
aibu ni ya kidole kinachozilamba.
Kisha nakata:
sare ya zambarau ya Alhamisi,
dakika nne za siku ile mvua ilipomeza barabara ya soko,
homa ya siku mbili. Cheti cha daktari alileta,
ila kilikosa muhuri mwekundu.
Mkataba ni wa miezi kumi.
Machi na Aprili, lami ikiyeyuka, shule hufungwa,
na tumbo la mwalimu nalo sharti lifungwe.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu jembe lilimngoja uwanja wa ndege,
mkononi mwa wakala, pamoja na risiti ya deni.

Kila siku ya tisini hurudishiwa pasipoti yake
kutoka droo ya mkurugenzi ("kwa usalama"),
hupanda basi la usiku hadi Nong Khai,
huvuka daraja, hugongewa muhuri, hugeuka.
Jumatatu saa moja na robo yuko getini,
anawainamia wazazi wanaoshuka magarini,
macho mekundu, tabasamu limebandikwa kama stempu.
Juu yake, Fergal wa picha anacheka na meno yote.

Fergal wa nyama na damu hacheki hivyo.
Jumamosi huvalishwa vazi la dubu
akagawe vipeperushi mbele ya duka kuu.
Nilimkuta siku moja nyuma ya ngazi,
kichwa cha dubu mapajani, shingo inatiririka jasho,
akaniuliza kwa Kithai chake cha kubomoka
kama dubu naye ana marupurupu.
Nilicheka. Kisha nikakumbuka bahasha.

Novemba nilikosea makusudi.
Hati ya Fergal nikaitia katika bahasha ya Marivic.
Karatasi tu, si fedha; uoga wangu una mipaka
na ujasiri wangu pia.

Alirudi baada ya kengele ya pili.
Akaiweka mezani, imekunjwa mara nne,
ndogo kama dawa ya kumeza.
"Umekosea jina," akasema.
Hakuongeza neno. Alisimama kidogo,
akanyoosha kola ya zambarau aliyoilipia, akaenda.

Alasiri nilimsikia kupitia ukuta.
Alikuwa amekata chungwa, nadhani, au karatasi;
darasa la pili, watoto arobaini na wawili,
na neno la siku hiyo lilikuwa nusu.
Semeni: nusu.
Nusu!
Tena.
Nusu!
Waliimba mpaka vioo vikatetema,
na Bi Wipawan, akipita na mzazi mpya,
akasimama mlangoni kusikiliza.
"Unasikia matamshi hayo?" akamwambia.

Na mimi? Mnauliza bahasha yangu?
Elfu kumi na moja na mia tano.
Lakini mimi ni mwenyeji,
na mwenyeji hakuna aliyemwekea picha getini,
wala hakuna anayemkatia chungwa.
Hujifungia bahasha yake mwenyewe, ya mwisho,
huilamba gundi,
na gundi ile, kwa yeyote asiyejua,
ina ladha tamutamu.