Mkato A–A

Zoezi la likizo: pima nyumba unayoijua,
ichore kwa kipimo cha moja kwa hamsini,
usiipambe.
Nikashuka Kitangari na tepu ya mita tano
na kidole gumba chenye kovu la kisu cha kadibodi.

Baba akadhani nimetumwa kupima kiwanja kiuzwe.
Nikamwambia hapana, ni maksi.
Akashika ncha ya tepu kwenye pembe ya ukuta,
akasimama wima kama timazi,
hakukohoa mpaka nilipomwambia achia.

Kozi ya kwanza mpaka ya nne: tofali za inchi sita,
saruji imeshiba, viungo vyembamba, fundi kalipwa.
Ule ni mwaka korosho ilipopanda,
mama alinunua kanga doti tatu kwa siku moja
na fundi Nalinga alikula wali mchana na usiku.

Kozi ya tano rangi inaanza kufifia.
Kufikia dirishani ni mchanga ulioshikana kwa imani.
Mwaka ule mnada ulivunjika mara mbili,
stakabadhi zikalala chini ya godoro
zikinuka mafuta ya maganda.

Juu ya mlango, linta.
Nikaigonga kwa kitako cha nyundo, nikasikiliza.
Baba, humu mna nondo ngapi?
Akatazama kuku.
"Kwenye mazungumzo zilikuwa nne."
Na kwenye zege?
"Mbili. Mbili nyingine ulikwenda nazo Masasi, kidato cha tano.
Godoro, tranka, na yale makaratasi ya shule."

Darasani tulifundishwa mizigo ni miwili:
mfu, ule usioondoka, ukuta na kenchi na bati;
na hai, ule unaoingia na kutoka.
Sikujua niyaandike wapi magunia ya msimu
ghala lilipojaa, tukayapanga sebuleni hadi kwenye kenchi,
yakauegemea ukuta wa mashariki miezi miwili
kama wageni wasiojua kuaga.
Ufa ulianzia hapo. Nimeupima:
milimita nne chini, saba juu.
Mama ameutundikia kalenda.

Usiku, kwa taa ya sola, nikapiga hesabu:
mzigo, mara upana wa mlango kipeo cha pili, gawanya kwa nane.
Kikokotoo kikasema linta hii ilishaanguka.
Nikarudia.
Ilishaanguka.
Chini yake mdogo wangu Somoe anapita na ndoo,
anarudi na ndoo,
ananiuliza kama chuoni nako tunachota.

Asubuhi nikaweka rula kwenye fremu ya mlango.
Imebonyea katikati, mninga mtupu, kidole kizima.
Kumbe ndiyo inayobeba.
Kumbe ndiyo maana mlango wetu haufungi masika wala kiangazi,
na sisi miaka yote tunamsema vibaya
seremala Mchopa, hata kwenye arusi ya bintiye.

Nilichora kila kitu. Ufa, kalenda,
nondo mbili, vidoti viwili vyeusi
katikati ya mstatili mweupe.
Mhadhiri kazungushia kalamu nyekundu: *Mbili? Hakiki.*
Nilikuwa nimehakiki.
Maksi zilikatwa kwingine kabisa:
kwenye ramani ya sakafu, mimi mtu wa kusini,
nilisahau mshale wa kaskazini.

Bumu lilipoingia sikulipa deni la karatasi.
Nilinunua nondo mbili za milimita kumi na mbili,
zikakunjwa katikati kama shuka,
nikazipeleka stendi, basi la Newala, alfajiri.
Konda akazipima kwa macho,
akasema hizi nauli yake ni ya mtu mzima.

Sikubishana.