Vipimo

Januari Barabara ya Tisa hujaa watoto.
Wanasimama mbele ya cherehani yangu, mikono juu
kama wanaojisalimisha,
nami nazungusha tepu vifuani mwao:
inchi ishirini na mbili, ishirini na nne.
Shomari wa Mwantumu kaongeza mbili tangu mwaka jana.
Yule wa muuza mbaazi, mabega tu.
Miaka kumi na moja ya madaftari.
Najua urefu wa kila mtoto wa mtaa huu
isipokuwa mmoja.

"Niandike mama nani?"
Nilikuwa nauliza hivyo, kwa kazi tu,
mpaka mteja mmoja wa Makorora akanigeuzia:
"Na wewe, mama nani?"
"Mama Cherehani," nikasema.
Akacheka. Nikacheka.
Sindano ikapita kidoleni.

Vipimo vingine tulipimwa Bombo.
Nesi aliisoma karatasi kama anayesoma bei ya sukari.
Mhina alipewa kikopo chenye kifuniko chekundu,
akakishika kwa mikono miwili, fundi baiskeli,
mikono yenye grisi isiyotoka hata kwa mafuta ya taa,
akakaa kwenye benchi bila kuniangalia.
Majibu: yeye nusu, mimi nusu.
Tukarudi kwa baiskeli, mimi nyuma kwenye keria,
mbele yake kile kiti kidogo
alichokichomelea mwaka tuliooana.
Siku hizi kinabeba mkate na rili zangu za uzi.

Wifi alileta kombe, zafarani kwenye sahani nyeupe.
Nikanywa.
Shangazi wa Muheza akaleta mizizi.
Nikanywa.
Majirani wakaleta ushauri,
huo nao nikaunywa,
na huo ndio uliokuwa mchungu.

Uchungu wa mwana, wanasema, aujuaye mzazi.
Sawa.
Na wa mwana asiyekuja,
nani kaachiwa aujue?

Siwatu ndiye aliyekuja mikono mitupu,
Siwatu wa vitumbua, pale kona,
niliyedhani ana watoto wakubwa Mombasa
kwa jinsi alivyokuwa hasemi.
Ilikuwa siku ya akika ya mjukuu wa Mwantumu.
Nilishona kijigauni, nikakituma,
nikafunga mlango.
Akagonga. Hakusema subiri.
Hakusema Mungu ana makusudi yake.
Alisema: "Mimi nilikuwa najificha chooni.
Choo kina komeo zuri."
Tukacheka mpaka kicheko kikageuka
kikawa kile kingine,
na hakuna aliyemfuta mwenzake machozi.
Tuliyaacha yashuke.

Sasa tuko wanne, Alhamisi, baada ya alasiri.
Mwalimu wa Chumbageni aliwapoteza watatu,
huwaita kwa miezi yao: Machi, Oktoba, Oktoba.
Wa nne haongei. Anashona vifungo.
Vifungo vyote vya mashati ya Januari hii
ni vyake, vimekaza, havitoki.
Mhina hupitisha chupa ya chai na kuondoka.
Wiki iliyopita hakuondoka.
Alivuta kigoda, akaikunja na kuikunjua kofia yake,
akasema, "Na mimi hujificha. Gereji."
Wa nne akamsogezea kikombe.

Sisemi nimepona.
Kuna siku harufu ya poda ya mtoto dukani
hunifanya nisahau nilichotumwa.

Ila swali nimelibadilisha.
"Niandike jina gani?" nauliza. "Lako."
Wengine husita,
kama wanaotafuta ufunguo wa chumba cha zamani.
"Tatu," alisema yule wa Makorora.
"Tatu binti Mbwana."
Akalirudia, taratibu, akinitazama nikiandika.
Kisha: "Na wewe?"
"Mwanakheri."

Mwanawe, inchi ishirini na sita.
Nimemwachia pindo nene, atakua.
Nalipiga pasi.
Hapo kwenye pindo,
hapo bado panauma.